Gramu 44 Zimekwenda Wapi?

Kuna swali la kemia ambalo karibu kila aliyepita sekondari Afrika Mashariki amekutana nalo. Gramu 100 za kalsiamu kabonati zimechomwa mpaka zikabadilika zote. Tafuta uzito wa kalsiamu oksaidi inayobaki. Mwanafunzi anafungua jedwali la uzito wa atomi: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu. Jumla 100. Kisha 40 na 16, jumla 56. Anaandika gramu 56, anapiga mistari miwili chini ya jibu, anapata alama zake na kuhamia swali linalofuata. Gramu 44 zilizobaki hakuna aliyemuuliza. Ubaoni zimeandikwa CO₂, na pembeni yake kamshale kadogo kanakoelekea juu, maana yake gesi imetoka.

Siandiki haya kulisema vibaya swali. Ni swali zuri. Namba zake zimenyooka, halina mtego, na mtoto aliyelielewa ameelewa kwamba maada haipotei, inahama. Ninalolalamikia ni kamshale kale. Kanamwambia mtoto kwamba habari imekwisha pale ambapo, kwa maoni yangu, ndiyo kwanza inaanza. Mimi ningempa alama mbili kwa zile 56 na alama kumi kwa yule atakayenyoosha mkono na kuuliza 44 zimeelekea wapi.

Swali hili halikuzaliwa likiwa zoezi la shule. Mwaka 1754 Joseph Black, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Alikuwa anasomea tiba. Wagonjwa wa mawe ya kibofu walikuwa wakinyweshwa maji ya chokaa, na maprofesa wawili pale chuoni walikuwa wakibishana: chokaa ya makombe ya chaza na chokaa ya mawe, ipi yenye nguvu zaidi? Mwanafunzi mwenye akili haingilii ugomvi wa wakubwa wake. Black akachagua kuchunguza unga mwingine unaofanana na chokaa, magnesia nyeupe, na kwa kuzunguka huko akajikuta amerudi kwenye chokaa yenyewe.

Siku hizo wasomi waliamini kwamba jiwe la chokaa likichomwa huwa kali na kuunguza ngozi kwa sababu limekunywa moto. Imani hiyo haikuwa ya kijinga. Jiwe limekaa motoni, limetoka linaunguza, basi moto umo ndani yake. Hata leo ukimuuliza mtu asiyesoma kemia atakujibu hivyohivyo, na huna haki ya kumcheka. Black alileta mizani. Alipima kabla ya moto na baada ya moto, akakuta kilichochomwa kimepungua. Kama ukali wa chokaa ni kitu kilichoingia, uzito umetokaje? Akaonyesha kwamba kilichoondoka ni hewa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, na kwamba hewa hiyo ikirudishwa ukali unakwisha na jiwe linakuwa jiwe tena. Baadaye akaikuta hewa ileile katika pumzi tunayotoa kifuani. Kazi yake ya chokaa aliichapisha mwaka 1756. Kabla ya hapo hakukuwa na mtu ambaye angeweza kulijibu vizuri swali letu la ubaoni.

Huku kwetu, wachoma chokaa walikuwa na mizani yao, nayo ni mkono. Ukienda kusini mwa Unguja, zile sehemu za maweni ambako udongo ni haba na jiwe la matumbawe linachomoza kila mahali, utakuta bado watu wanaojua kupanga tanuu. Magogo hupangwa kwa duara, mengi yakiwa ya minazi iliyozeeka, na mawe ya matumbawe yaliyopasuliwa hurundikwa juu yake. Moto ukishakamata, hakuna wa kuuzima tena. Unaachwa ule mpaka ushibe. Kitabu kinasema kabonati hii inahitaji joto la nyuzi 900 hivi ili iachie hewa yake. Tanuu halina kipimajoto. Nilimuuliza mzee mmoja wa kazi hiyo jiwe lililoiva analijuaje.

"Likiiva halina uzito, mwanangu," alinijibu. "Ukilinyanyua ukaliona zito, hilo lina ubichi ndani. Lirudishe."

Jiwe lililoiva linabaki karibu na ukubwa wake uleule, ila mkononi jepesi, na matundu yake yote bado yanaonekana. Mkono ukitarajia uzito wa jiwe unapaa juu wenyewe. Mzee hakuwahi kusikia habari za moli, lakini 44 katika 100 alikuwa anazipima kila alipofungua tanuu, akitenga lililoiva na lisiloiva. Darasani tunawapa watoto jibu hili kwa namba, na wengi hawajawahi kulishika jiwe lenyewe kabla wala baada ya moto.

Baada ya hapo chokaa huzimwa. Mawe yaliyoiva yakimwagiwa maji, yanalia, yanapasuka, yanatoa mvuke, na rundo zima linachemka bila kuni. Gramu zetu 56 zimepokea gramu 18 za maji zikawa 74, na joto linalotoka pale linatosha kumuunguza mtu asiye mwangalifu. Vumbi lake likiingia jichoni ni balaa; hata wachoma chokaa wenyewe hukaa upande upepo unakotoka. Kilichobaki ni unga laini mweupe. Ndio unaopakwa ukutani, ndio unaokorogwa na mchanga na udongo mwekundu kujengea, na kiasi kidogo sana chake ndicho kinachopakwa kwenye jani la tambuu. Bibi aliyekaa barazani akitafuna tambuu yake ana kalsiamu haidroksaidi mdomoni, na wala haimshughulishi.

Sasa tazama ukuta. Chokaa ilipopakwa ilikuwa mbichi, unaweza kuikwangua kwa ukucha. Baada ya muda imekuwa ngumu. Wengi hudhani imekauka tu, kama nguo zinavyokauka kambani. Maji yameondoka kweli, lakini kuna kitu kingine kimeingia. Ukuta unavuta hewa ukaa, ile CO₂ ya ubaoni, kutoka hewani, polepole, ukianzia usoni na kwenda ndani. Gramu 74 zinapokea gramu 44, zinatoa maji gramu 18, na zinabaki 100. Jiwe limerudi. Hewa iliyofukuzwa kwenye tanuu, au nyingine iliyo sawa nayo, imerudi ikakaa ndani ya nyumba ya mtu. Katika ukuta mnene kazi hiyo inachukua miaka mingi sana, na unyevu kidogo lazima uwepo, kwa kuwa chokaa kavu kabisa haipokei.

Ukijua hivyo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na magofu ya Kilwa Kisiwani unayatazama kwa jicho jingine. Msikiti Mkuu wa Kilwa, ambao ulipanuliwa sana katika karne ya 14, umesimama kwa matumbawe na chokaa. Sehemu za kuchongwa, kama mihirabu, zilitumia tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi, kwa sababu likiwa na maji yake ni laini na linakubali patasi, kisha hewani linakuwa gumu. Fundi wa Kilwa alilijua hilo, akaijua na tabia ya chokaa kupumua. Fundi wa leo anayeziba ufa wa ukuta wa zamani kwa saruji hajaambiwa. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipitishi unyevu kirahisi. Maji yanafungiwa ndani, chumvi inakusanyika, na baada ya misimu kadhaa ya mvua kiraka kinabanduka na kipande cha ukuta. Wahifadhi wa majengo wamelisema hili mara nyingi. Nadhani lingeingia masikioni haraka zaidi kama tungelisema tangu Kidato cha Pili, pamoja na ule mlinganyo.

Na lile jiwe lenyewe lilitoka wapi? Hapa ndipo ratiba ya shule inapotuvuruga. Kalsiamu kabonati ni ya mwalimu wa kemia, saa mbili na nusu asubuhi. Mawe ni ya mwalimu wa jiografia, baada ya mapumziko, naye anafundisha miamba ya volkano, miamba tabaka na miamba iliyogeuzwa, kila aina na mifano yake miwili ya kukariri. Mtoto anaandika "chokaa" katika madaftari mawili tofauti, na hakuna anayemwambia kwamba ni kitu kilekile. Nimekutana na watu wazima waliofaulu masomo yote mawili ambao hawajawahi kuyakutanisha.

Sehemu kubwa ya mwamba unaokanyagwa kando ya pwani yetu, kuanzia Kenya mpaka Tanzania, ni miamba ya matumbawe iliyokua chini ya maji. Takriban miaka 125,000 iliyopita dunia ilikuwa na joto zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa karne chache zilizopita, barafu za ncha zilikuwa zimepungua, na bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo. Matumbawe yalijenga huko. Bahari iliposhuka yakabaki juu, yakafa, yakagandamana. Ukiusogelea ukuta wowote wa zamani uliobanduka chokaa, utaona vinyota vidogo, mistari ya makombe: viumbe waliokusanya kalsiamu na hewa ukaa iliyoyeyuka majini wakajijengea mifupa. Zile gramu 44, kabla hazijatoka kwenye tanuu, zilikuwa zimetolewa baharini na mnyama mdogo asiye na macho.

Kuna jaribio moja la maabara ambalo ningependa lipewe somo zima, dakika themanini bila kukatizwa. Chukua maji ya chokaa, yale maangavu yaliyochujwa, yatie kwenye testi tyubu. Chukua mrija, pulizia pumzi yako taratibu, na chunga usinywe. Baada ya muda maji yanakuwa meupe kama tui. Mwalimu anasema: hiki ndicho kipimo cha hewa ukaa, andikeni. Watoto wanaandika, tyubu zinaoshwa, kengele inalia.

Usioshe. Endelea kupuliza. Inachosha, na darasa litaanza kucheka, lakini endelea. Weupe unazidi, unafika kilele, kisha unaanza kupungua, na mwishowe maji yanarudi maangavu kama ulivyoyakuta. Ukiwa na hewa ukaa ya maabara itakwenda haraka zaidi kuliko kwa pumzi. Kilichotokea ni kwamba ule unga mweupe ulikuwa chokaa ileile ya jiwe, na hewa ukaa iliyozidi imeungana na maji ikawa asidi dhaifu, asidi ikalila jiwe, jiwe likayeyuka likawa bikabonati. Sasa peleka tyubu ile kwenye moto wa kibuluu na uichemshe. Weupe unarudi.

Hapo mezani mwanafunzi ameona Mapango ya Amboni. Nje kidogo ya mji wa Tanga kuna mwamba wa chokaa wa zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 145, ambao maji yameutoboa vyumba na vichochoro. Mvua ya kawaida, isiyo na uchafu wa viwanda, huwa tayari na asidi kidogo, pH yake kama 5.6, kwa sababu imepita hewani ikachukua hewa ukaa. Ikipita kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza inachukua nyingi zaidi. Ikiingia kwenye nyufa za jiwe inafanya yale ambayo pumzi yako ilifanya kwenye tyubu ulipozidisha. Hayo ndiyo mapango. Kisha tone linaning'inia darini, ndani ya pango lenye hewa yake, linaachia hewa ukaa kidogo, na jiwe kidogo sana linabaki. Tone baada ya tone linashuka jiwe refu kutoka juu, na jingine linapanda kutoka chini kulipokea. Hayo ndiyo yale ya mwisho kwenye tyubu, weupe uliorudi. Pangoni hakuna moto, ni hewa tu imetoka, na muda umekuwa mrefu mno.

Ukoko ulioganda ndani ya birika lako la chai, kama unaishi mahali penye maji magumu, ni jambo lilelile. Sabuni isiyotoa povu pia. Mama anayelalamika kwamba maji ya kisima hiki yanakula sabuni anafanya kemia bila karatasi, na utambuzi wake ni sahihi.

Nikifika hapa huwa nashindwa kujizuia kwenda kaskazini, nje kidogo ya habari ya chokaa. Kabonati haikai katika matumbawe tu. Kusini mwa Ziwa Natron, kwenye nchi ya Wamaasai, kuna Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, wenye urefu wa karibu mita 2,900. Ndio volkano pekee hai duniani inayojulikana kutoa lava ya kabonati yenye natiri kwa wingi. Lava ya volkano nyingine nyingi hutoka ikiwa na joto la nyuzi 1,000 na zaidi. Hii hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana haing'ai wekundu. Inatiririka nyeusi na nyepesi, unaweza kudhani ni matope au oili, na ikishakutana na unyevu wa hewa, baada ya saa au siku chache, inageuka nyeupe. Mjiolojia Barry Dawson alichapisha uchunguzi wa lava hiyo mwaka 1962, na mwanzoni si kila mtaalamu aliyekuwa tayari kukubali kwamba mlima unaweza kutema magadi.

Ndani ya lava hiyo mna madini mawili makuu. Moja limepewa jina la John Walter Gregory, mjiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa mwishoni mwa karne ya 19. La pili linaitwa nyerereite, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Fomula yake ni Na₂Ca(CO₃)₂. Mwalimu wa kemia anayetafuta swali la asilimia hana haja ya kwenda mbali: natiri 46, kalsiamu 40, kabonati mbili 120, jumla 206. Natiri ni asilimia 22 na ushei. Na ukihesabu hewa ukaa iliyofungwa humo, 44 mara mbili katika 206, unapata karibu asilimia 43. Tunao watoto wanaomjua Mwalimu kwa picha ya ukutani na kwa Azimio la Arusha, lakini hawajui kwamba yumo katika jedwali la madini ya dunia, tena kwa madini yanayotoka kwenye mlima wa nchi yao wenyewe. Madini hayo hayavumilii maji. Yakipata unyevu huanza kubadilika kuwa mengine. Kuyapata safi lazima uwahi.

Magadi ya sokoni, yale yanayotiwa kwenye kande na maharage magumu, ni ndugu wa lava hiyo. Yanatoka kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yasiyo na njia ya kutokea, jua likinywa maji na kuacha chumvi. Ukanda huohuo unatoa floridi nyingi majini, ile inayotia meno ya watu wengi wa Arusha na Meru rangi ya kahawia. Hilo linastahili makala yake.

Turudi kwenye 44, kwa sababu siku hizi haziishii kwenye tanuu za magogo ya minazi. Kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954 kwa kuchimba mwamba wa matumbawe wa kale. Cha Wazo, Dar es Salaam, kilifuata mwaka 1966. Malighafi ileile, moto mkubwa zaidi. Klinka, yale mawemawe yanayosagwa kuwa saruji, ina kalsiamu oksaidi takriban asilimia 65. Hesabu ni ileile ya ubaoni: kila 56 ya oksaidi iliacha 44 ziende zake. Kwa hiyo tani moja ya klinka imetoa kama nusu tani ya hewa ukaa kutoka kwenye jiwe peke yake, kabla hujahesabu makaa au gesi iliyochomwa kulipasha joto. Kinu kikifungwa mtambo wa umeme wa jua, nusu tani hiyo haipungui, kwa sababu haitoki kwenye kuni. Inatoka kwenye mlinganyo.

Huko Bamburi kuna kisa kizuri. Machimbo yaliyoachwa yalikuwa jangwa jeupe la jiwe tupu lenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi na kiwanda, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, mivinje ikashika. Majani yake makavu hayakuoza mpaka alipoleta majongoo wayasage, na kinyesi cha majongoo kikawa mwanzo wa udongo. Leo ni msitu ambao watu wanalipa kiingilio kuuona. Jongoo, ambaye watoto wetu humpiga mawe, alifanya kazi ambayo trekta lisingeiweza.

Hewa iliyotoka kwenye vinu, na iliyo nyingi zaidi kutoka kwenye makaa na mafuta ya dunia nzima, sehemu yake inaingia baharini. Kabla ya zama za viwanda hewa yetu ilikuwa na sehemu 280 za hewa ukaa katika milioni. Sasa zimepita 420. Uso wa bahari umeshuka kutoka pH ya karibu 8.2 hadi 8.1. Mtoto aliyefundishwa kwamba pH ni kipimo cha kuzidisha kwa kumi atajua kwamba moja ya kumi si kidogo: ayoni za asidi zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Tumbawe linalojaribu kujenga mfupa wake katika maji hayo linafanya kazi kwa shida zaidi, juu ya joto lililokwisha kulidhuru. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa kwa joto la bahari. Jiwe la kale limechomwa, na hewa yake inalizuia jiwe jipya lisiundwe. Watunga mitihani wanaotafuta swali gumu la Kidato cha Nne, hili hapa, na linaweza kujibiwa kwa milinganyo mitatu tu ambayo tayari imo kwenye mtaala.

Sitarajii wataliuliza mwaka huu. Mtihani unapenda maswali yanayosahihishika haraka, na msahihishaji mwenye rundo la karatasi mbele yake simlaumu. Tunapenda kumtaja Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda kuwa askrimu kabla ya yaliyopoa. Tunasahau kwamba alipouliza, darasa lilimcheka, na ilibidi akutane na mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, ndipo swali lake lipimwe. Makala yao ilitoka mwaka 1969. Watoto wenye maswali hatukuwakosa wakati ule na hatuwakosi sasa.

Basi ombi langu ni dogo, na linaelekezwa kwa mwalimu yeyote ambaye maabara yake ni kabati moja lenye kufuli. Nunua chupa ya siki. Waambie wanafunzi kila mmoja alete jiwe kutoka nyumbani kwao: kokoto, kipande cha ukuta wa zamani, kombe, ganda la yai, kigae cha marumaru, jiwe jeusi la Kilimanjaro kama yupo aliyetembea. Kila jiwe lisagwe kidogo kwa jiwe jingine, kwa sababu marumaru nzima hujibu polepole mno kwa siki na mtoto atadhani haijajibu. Kisha tone moja juu ya unga. Linalotoa povu lina kabonati, na povu hilo ndilo sehemu ya 44. Lisilotoa, kama jiwe la volkano ya kawaida au la mawe makubwa ya Mwanza, halina. Baada ya hapo mwulize kila mtoto jiwe lake lilikuwa wapi kabla halijafika kwao.

Asidi ya betri isiguswe, hata kama fundi wa jirani anaitoa bure. Inatoboa nguo na ngozi, na zaidi ya hayo inadanganya: ni asidi ya salfa, na ikikutana na jiwe la chokaa inatengeneza kalsiamu salfeti isiyoyeyuka vizuri, ambayo inalifunika jiwe na kuizuia asidi isiendelee. Mwanafunzi ataona povu la muda mfupi, kisha kimya, na ataandika kwenye daftari lake kwamba jiwe lile si chokaa. Tumieni siki.